Kabla ya kuomba bei za trampolini
Kaka, ukiwaandikia viwanda vya China "nina godauni, nataka trampolini za biashara, bei gani?" watakutajia bei ya kubuni tu. Pima kwanza urefu, upana na kimo, na kimo kiishie kwenye boriti ya chini kabisa au taa inayoning'inia, si kwenye bati. Chora nguzo zote na milango ya dharura. Taja watu wangapi wataruka kwa pamoja, na umri wao.

Wapelekee wote mchoro uleule. Waulize kama wanafuata ISO 23659:2022 (kiwango cha kimataifa cha usalama wa kumbi za trampolini), wakutumie ripoti ya maabara (soma jina la kiwanda lililoandikwa humo!). Omba bei ya CIF (mzigo, bima na nauli ya meli hadi bandarini) Mombasa au Dar. Ushuru bado ni wako. Springi za akiba nazo ziandikwe kwenye bei hiyohiyo.