Mapigo Kwanza, Raba Baadaye

Jumapili iliyopita nilipanda Menengai mbio, kutoka Milimani, hapa Nakuru, hadi ukingoni mwa kreta, bila kusimama. Acha nijisifu kidogo. Miezi michache nyuma, ngazi za ploti yetu tu zilinifanya nishike ukuta.

Ilikuwa homa ya virusi: joto, viungo kuuma, kikohozi kikavu. Kemisti alitaka kuniuzia antibayotiki, nikakataa, kwa sababu haziui virusi. Ya kitandani siyasimulii, hayana ladha. Kazi ilianza homa ilipokwisha.

Kila asubuhi, kabla sijatoka kitandani, niliweka vidole viwili kwenye mkono, chini ya dole gumba, nikahesabu mapigo kwa nusu dakika na kuzidisha kwa mbili. Nikiwa mzima napata 52 au 54. Wakati huo nilikuwa napata 68, na sijafanya lolote ila kulala! Ukilala siku kadhaa, maji ya damu hupungua, basi moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kusukuma kiasi kilekile. Juu ya hayo, virusi vingine huweza kuvimbisha misuli ya moyo, na anayegunduliwa na tatizo hilo kwa kawaida huzuiwa kushindana miezi mitatu hadi sita. Ndiyo maana kukimbia kwa nguvu ukiwa na joto mwilini si ushujaa.

Nikawaambia wenzangu wa kundi letu la mbio kwamba mapigo yakiwa juu sikimbii. Nahodha akaandika kwenye WhatsApp ya kundi, "Tumpe mzee pensheni yake." Wakacheka, hata wale niliowafundisha kufunga kamba za raba. Sijasahau. Wao walipiga spidi, mimi nikatembea Milimani na akina mama wa chama, ambao kwa kweli wana mwendo. Mapigo yaliposhuka, nikaanza kukimbia taratibu, huku nikipiga soga. Sentensi ikikatika katikati, napunguza. Siku inayofuata napima tena. Yakipanda, napumzika. Ni hayo tu, na nitayarudia hadi mchoke: pima, punguza, pima.

Jumapili hiyo nilimpita nahodha kwenye mlima. Sikusema neno. Nilimsalimia tu, kwa sentensi ndefu.

Sasa msomaji wa Kisumu anauliza kama anaweza kuja kupanda nasi wiki moja baada ya homa. Ndugu yangu, umezoea mwinuko wa mita 1,100 na kitu pale ziwani, na ukingo wa Menengai unakaribia 2,300. Hata mzima angehema. Sote tunautaka muda mzuri wa kilomita 21, lakini vijana siku hizi mnataka kurudi mlipoachia, kana kwamba mwili ulikuwa umewekwa akiba benki. Tembeeni kwanza. Na ukisikia kifua kinauma, moyo unarukaruka au kizunguzungu ukiwa mbioni, simama hapohapo, nenda hospitali upimwe moyo. Usimuulize nahodha, yeye kazi yake ni ratiba ya Jumapili.