Lenzi ya zamani ya 200mm ufukweni Dar: ichukue, ila jua saa za maji

Mkuu, umeuliza kama uichukue ile Nikkor 200mm f/4 (lenzi ya Nikon) uliyoonyeshwa Kariakoo, ya zamani, ya kuzungusha fokasi kwa mkono, uifunge kwenye Sony yako ya APS-C, yaani yenye sensa ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa ajili ya ndege na ngalawa za pwani, au udunduize hela mpaka upate lenzi ya kisasa. Mimi ninayo hiyo hiyo, toleo la Ai lililotoka 1977, na kwa zaidi ya mwaka sasa naitumia kati ya Daraja la Salenda na ufukwe wa Coco. Jibu langu ni ichukue, kwa sharti moja. Kwa lenzi hii huwezi kumfukuza ndege. Inabidi umtegee, na kumtegea ndege wa pwani ni lazima ujue maji yanajaa na kupwa saa ngapi.

Ufundi wa kuifunga nitaupita haraka, maana hauna ugumu. Mlango wa F wa Nikon, yaani pale lenzi inapofungwa kwenye kamera, unakaa milimita 46.5 mbele ya filamu, na wa Sony E ni milimita 18. Ile nafasi ya milimita 28.5 inayobaki ndiyo adapta: bomba tupu la chuma lisilo na kioo chochote, kwa hiyo haligusi ubora wa picha. Kwenye menyu ya kamera kuna kipengele cha kuiruhusu ipige hata isipoitambua lenzi. Kiwashe, la sivyo utabonyeza na haitapiga kitu. Weka hali ya A, apecha (tundu la kupitisha mwanga, ndizo zile f/4, f/8) unaizungusha kwenye lenzi yenyewe, kamera inapanga shata, yaani muda wa kupokea mwanga. Kwa sensa yako, 200mm inakupa upeo kama wa 300mm. Jambo moja tu la kuangalia: adapta nyingi za bei nafuu hufanywa fupi kidogo, hivyo pete ya fokasi ikigonga mwisho fokasi inakuwa imeshapita upeo wa macho. Usizungushe mpaka mwisho ukadhani zile meli zilizotia nanga nje ziko sawa. Kuza picha kwenye skrini uone mwenyewe.

Sasa maji.

Siku ya kwanza nilikwenda jioni, saa kumi, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamejaa mpaka juu. Ndege wachache walipita mbali, nami nikawafuata kwa pete ya fokasi, huku na huku. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Nyumbani nilikuta hata moja haina jicho lililo kali. Niliumia, kwa sababu ile lenzi niliinunua kwa hela niliyokuwa nimeitenga kwa mambo mengine, na nikaanza kuamini kuwa tatizo ni kioo.

Kesho yake nilirudi mchana kujaribu tena, nikamkuta mama mmoja anasuuza chaza kwenye ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza ninatafuta nini na lile dude. Nikamwambia ndege. Akasema, "Sasa mwanangu, hili ni bamvua. Jioni maji yanajaa, ndege watakaa wapi? Njoo asubuhi saa mbili, wakati yanatoka. Utawakuta tuko nao."

Alikuwa ananieleza kitu ambacho kila mtu anayeishi kwa bahari hapa anakijua. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, Dar maji hujaa alfajiri na tena jioni kama saa kumi na kitu, na kupwa mnamo saa nne au tano asubuhi. Kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja unafika maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na ratiba inageuka: yanajaa asubuhi, yanakupwa alasiri. Jedwali lipo bure kwenye intaneti, ila ukishaizoea hesabu ya mwezi huhitaji hata kulifungua.

Nikaenda saa mbili. Maji yalikuwa yanarudi nyuma, tope linang'aa, na pale mbele, kama hatua ishirini na tano hivi, kulikuwa na kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya buluu iliyofifia, mdomo mweusi mnene kama kisu cha kukatia bati. Ni Dromas ardeola, mla kaa. Hawa wanazaliana kaskazini, pande za Bahari ya Shamu na Ghuba, wanachimba mashimo mchangani na kutaga humo, kisha wanateremka pwani yetu kwa miezi mingi ya mwaka. Mwendo wao ndio uliniokoa. Mla kaa hukimbia hatua chache, anasimama kabisa, anainamisha kichwa, anasikilizia. Halafu anachoma. Ule wakati aliosimama unakutosha kabisa kwa lenzi ya mkono, mradi fokasi iwe imeshafika pale kabla yake.

Nilifanya hivi. Nilichagua jiwe dogo lenye mwani, kama mita ishirini kutoka nilipo, mahali walipokuwa wanapita mmoja baada ya mwingine. Nikakuza skrini, nikazungusha pete mpaka nyuzi za mwani zikahesabika. Nikaondoa mkono kwenye pete. Nikasubiri dakika kumi na moja. Akaja mmoja mkubwa, nyuma yake mtoto wake wa rangi ya kijivu anamlilia chakula. Yule mkubwa akasimama kando ya jiwe, akatoa kaa, akamtikisa mguu mmoja ukachomoka. Nikabonyeza mara nne. Kwenye picha ya tatu unaona tone la maji likiwa bado halijaachana na ule mguu wa kaa. Nimewahi kupiga harusi na matangazo ya watu, lakini hakuna picha yangu ninayoipenda kama hiyo.

Hesabu yake ni hii, na ni vizuri uwe nayo kichwani. Kwenye sensa ya APS-C, 200mm ikiwa f/4, kwa kitu kilicho mita kumi, kina cha fokasi, yaani sehemu inayoonekana kali, ni kama sentimita arobaini tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Kikiwa mita ishirini, unapata kama mita moja na nusu. Ukifunga mpaka f/8 unazidisha mara mbili. Ndiyo maana nasema mita ishirini na f/5.6 ndipo pa kutegea: ndege akipita nusu hatua mbele ya jiwe bado yumo. Mita kumi na f/4 ni kwa ndege aliyelala. Ile alama ya rangi inayowaka kwenye skrini, kwenye kingo za vitu vilivyo ndani ya fokasi, itakusaidia kwa ngalawa, lakini kwa ndege usiiamini sana, inawaka hata pale ambapo jicho halijakaa sawa. Kukuza skrini ndiyo njia.

Shata usishuke chini ya 1/500, na mimi napenda 1/1000, kwa sababu bodi kama yako haina kitulizo cha mtikisiko ndani na lenzi hii haina pia. Stendi ya miguu mitatu kwenye tope inazama. Mimi nilishonewa mfuko wa kitenge nikaujaza mchele kilo moja na nusu, nauweka juu ya ukuta au juu ya ndoo iliyopinduliwa, lenzi inalala hapo. Uzito wenyewe wa lenzi ni kama nusu kilo tu, haichoshi mkono.

Kuhusu mwanga nina maoni ambayo wengine wanapingana nayo. Wapigaji wengi hapa wanasifia bamvua kwa sababu tope linafunuliwa mbali na ndege ni wengi. Mimi nayapenda maji mafu. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo bamvua asubuhi jua linakuwa usoni kwako, na lenzi ya miaka hiyo ikipigwa na jua usoni picha inapauka kama imemwagiwa maziwa, hata ukivuta kile kikinga jua chake cha kuteleza mpaka mwisho. Maji mafu yanakupwa saa tisa, saa kumi alasiri. Jua liko mgongoni kwako, bahari inakuwa buluu iliyoiva, na kwa kuwa maji hayaendi mbali, ndege wanabaki karibu na ukingo. Ni wachache, lakini wako mita kumi na tano badala ya sitini. Kwa 200mm hiyo tofauti ni kubwa.

Na kati ya saa tano na saa nane mchana pumzika. Tope likishika joto, hewa juu yake inacheza, unaona mazigazi, na kitu chochote kilicho zaidi ya mita thelathini kinayeyuka. Nilihangaika na hilo wiki nzima nikidhani ni adapta. Hata lenzi ya mamilioni haitakusaidia saa hizo.

Yangeyange wanataka uangalifu wa peke yake. Weupe wao kwenye tope jeusi unaidanganya kamera, unaungua wote na manyoya yanapotea. Punguza mwanga kwa stopu moja. Ukiwa f/4 utaona pia uzi wa zambarau pembeni mwa mgongo wake. Kwenye f/8 unakaribia kwisha, na mabaki unayafuta kwenye kompyuta.

Ngalawa ni rahisi kuliko ndege, na ndizo zilinifanya niipende hii lenzi. Zikirudi kwa kusi, tanga limejaa, zinafuata njia moja unayoweza kuisoma dakika tano kabla. Ukiwa upande wa Coco unaweza kulipanga tanga lipite mbele ya Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, na 200mm inalivuta daraja karibu mpaka tanga na nguzo vinakaa kama jirani. Weka f/8, fokasi kwenye njia, subiri. Wavuvi wakifika nchi kavu wasalimie, waombe kabla ya kuwapiga usoni, na ukiwaahidi picha wapelekee. Mimi nazichapisha ndogo ndogo nawapa. Wananiita sasa wakiona kitu.

Hapa naomba unisikilize vizuri: lenzi ndefu inaonekana kwa mbali na inatia watu wasiwasi. Upande wa Magogoni na Kivukoni kuna Ikulu, kuna bandari, kuna kivuko. Usielekeze huko kabisa, na ng'ambo ya Kigamboni wapo wanajeshi wa majini. Kaa Coco, kaa upande wa Salenda, nenda Kunduchi au panda boti uende Mbudya. Akija mlinzi kukuuliza, shusha kamera, msalimie, muonyeshe ndege kwenye skrini.

Chumvi na unyevu ndivyo vitakavyoiua lenzi. Wakati wa kaskazi upepo unaleta ukungu wa chumvi moja kwa moja kwenye kioo. Ukirudi nyumbani futa mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha kikavu, na kioo upulize kwanza kabla ya kukigusa. Ihifadhi kwenye kontena la plastiki linalofunga kabisa, na vile vipakiti vya kukausha unyevu. Usiitoe kwenye gari lenye kiyoyozi ukaipeleka ufukweni hapo hapo. Kioo kinapata mvuke na utasubiri nusu saa. Iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje.

Nasisitiza kwa sababu ya kwangu ilipata fangasi. Nilimpelekea fundi, akaifungua, akasafisha vizuri kabisa, lakini alipoirudisha alikosea kuipanga na haikufika tena upeo wa macho. Ilibidi irudi kwa mtu mwingine, miezi miwili bila lenzi. Kwa hiyo ukiikuta na fangasi dukani, iache hata kwa bei ya kutupa.

Kuna kazi ambazo haifai, nikuambie ukweli. Watoto wanaokimbia Coco Jumapili, buabua anayejirusha majini kuchukua samaki, mechi ya mpira wa ufukweni: hapo otomatiki inahitajika, na kama hizo ndizo picha unazoziwaza usiku, endelea kudunduiza.

Kama ni ndege wa tope na matanga, nenda dukani na kamera yako na adapta. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, utazame kwa mbele: fangasi huonekana kama nyuzi za buibui. Weka apecha kwenye 16, sukuma kile kiwashio kidogo cha chuma kilicho nyuma, kisha kiachie. Vibati vinatakiwa virudi kwa mpigo mmoja. Vikirudi polepole au vikiwa vinang'aa mafuta, usinunue. Zungusha pete ya fokasi kutoka mita 2 mpaka mwisho, iwe nzito kidogo na laini, isikwame popote. Halafu toka nje ya duka, tafuta kibao cha mbali kabisa mtaani, kuza skrini, uone kama maandishi yanakaa. Yakikaa, lipa uondoke nayo.