Umepewa cheo, usipotee: kwa wanawake wanaoanza kuongoza

Cheo kipya hula muda, kisha hula watu. Vikao vinaongezeka, nyumbani kuna mtoto au mgonjwa, na wanaoachwa kwanza ni wale wasiolalamika: mwenzako wa idara nyingine, bosi wa zamani, mliosoma pamoja. Miezi michache baadaye una swali usiloweza kumuuliza bosi wala walio chini yako, na hujui umpigie nani.

Tafuta mapema wanawake watano au sita wanaoongoza kama wewe. Mkiwa watatu, akikosa mmoja kikao kimekufa. Mkizidi wanane, wengine wanabaki watazamaji. Msichanganye mtu na anayempima kazi yake, maana hapo hakuna atakayesema la moyoni. Kutaneni mara moja kwa mwezi, siku ileile, kwa dakika 90. Vikundi vingi huuawa na neno "tutapanga". Dakika 10 ni za kujuliana hali. Kisha wawili tu waseme yaliyowafika, kila mmoja dakika 30: 5 za kueleza, 10 za kuulizwa, 15 za kushauriwa. Dakika 20 za mwisho kila mtu ataje atakachofanya kabla ya kikao kijacho.

Kinachorukwa ni maswali, na faida iko humo. Mtu akisema "naibu wangu ananidharau", wenzake hukimbilia "mwite umkanye". Muulizeni kwanza: alisema nini hasa? Mbele ya nani? Ni mara ya ngapi? Ulimjibuje? Huenda mkagundua kwamba naibu hajawahi kuambiwa mamlaka yake yanaishia wapi, na wa kumwambia ni aliyewateua wote wawili. Kumkanya hapo ni kuchochea moto bure.

Ya kikaoni hayatoki, hata kwa mume. Wala hayaandikwi kwenye kundi la simu, kwa sababu ujumbe ukishapigwa picha huwezi kuufuata. Kundi libaki la tarehe na mahali.

Mwenzenu akinyamaza, msimwandikie "mbona umepotea?" Aliyefiwa au anayeuguza hana nguvu ya kujieleza, na atazidi kujificha. Andika hivi: "Nimekukumbuka. Usijisumbue kujibu. Nitakupigia Alhamisi jioni; usipopokea, nitajaribu wiki ijayo." Halafu piga kweli. "Ukihitaji chochote sema" inamwachia yeye kazi ya kufikiri. "Nitumie ripoti yako niisome leo usiku" inamtua mzigo.

Yakikufika wewe, kazini inatosha kueleza mambo matatu: kipi kinasimama, hadi lini, na nani anaamua badala yako. Undani wa shida ni wako. Kwa likizo ya uzazi, Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka kiwango cha chini cha wiki 14 na haki ya kurudi kwenye nafasi yako au inayolingana nayo kwa malipo yaleyale. Unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako pamoja na mkataba wako wa ajira. Kabla ya kuondoka, andika maamuzi yanayosubiri, siyo orodha ya kazi peke yake. Nafasi ya kiongozi hupotelea kwenye maamuzi yaliyofanywa akiwa hayupo.

Usiwasahau mnaofahamiana kwa mbali. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, mwanasosholojia Mark Granovetter aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua. Wengi walisema mtu huyo walionana naye kwa nadra au mara mojamoja. Sababu inaeleweka: wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua. Andika majina 20, uwasiliane na wawili kila wiki kwa mistari miwili au mitatu. Mpongeze, mtumie tangazo linalomfaa, muulize mradi wake umefikia wapi. Siku hiyo usiombe kitu.