Ile "damu" kwenye baga ya soya inatoka wapi?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Mie kwetu Tanga ila sasa naishi Columbus, Ohio na wanangu watatu. Juzi mkubwa kaja na baga mbichi za dukani ananiambia mama hizi hazina nyama, soya tupu, nikaziweka kwenye kikaango mwenyewe, zilikuwa nyekundu kabisa zikatoa majimaji mekundu na harufu ya nyama ikajaa nyumba nzima, nikaogopa kuwapa wadogo zake. Shoga yangu akanambia wanatia vijidudu vilivyobadilishwa maabara. Ile ni damu? Ni halali? Niwape watoto au nitupe? – Mama Z.

JIBU: Waaleikum salaam Mama Z. Usitupe. Kwa unavyoeleza hiyo ni baga ya kampuni ya Impossible Foods au ya namna hiyo, geuza pakiti utafute leghemoglobini ya soya kwenye orodha ya vilivyomo, ukiiona basi ndio yenyewe. Na hapana, sio damu ya mnyama yeyote.

Ngoja nikupeleke shambani kwanza maana ndiko jambo lenyewe lilikoanzia. We mtu wa Tanga umeshang'oa kunde. Ukiung'oa mkunde taratibu kabla haujakauka unaona kwenye mizizi kuna vinundu vidogo vidogo kama punje za uwele, sasa kipasue kimoja kwa ukucha, kama ni kizima ndani kina rangi ya waridi, mara nyingine nyekundu kabisa. Mle ndani wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani wanaulisha mmea, na hawa hawapatani na oksijeni nyingi, kwa iyo mmea unatengeneza protini ya kuishika hiyo oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Protini hiyo ndio leghemoglobini, na imebeba kitu kinaitwa hemu, na hemu ndio hiyohiyo inayofanya damu yetu na nyama ya ng'ombe ziwe nyekundu. Soya nayo ni hivohivo.

Sasa Patrick Brown, profesa wa baiokemia wa Stanford aliyeanzisha kampuni hiyo 2011, alishikilia kwamba kinachofanya nyama inukie nyama ni hemu, yaani ukiipasha moto pamoja na sukari na asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, inachochea zile harufu tunazozijua kwenye nyama choma, na rangi inatoka wekundu inakuwa kahawia kama ulivyoona kwenye kikaango chako. Ila hemu ya kutosha utaipata wapi? Hapo ndipo vijidudu vya shoga yako vinapoingia, na hajakosea, ila ni hamira. Sio hii ya maandazi, ni ya aina nyingine inaitwa Pichia pastoris. Wamechukua jeni ya soya ya kutengeneza ile protini wakaipandikiza kwenye hamira, wakaisukuma pia izalishe hemu nyingi kuliko kawaida yake, kisha wanaikuza kwenye matangi makubwa kwa kuilisha sukari. Ikishaongezeka wanazipasua seli zake, wanachuja, kinachobaki ni maji mekundu mazito. Hayo ndio yanachanganywa na protini ya soya, mafuta ya nazi na ya alizeti. Hamira hai huli, ingawa protini zake kidogo zinabaki humo, na protini ya soya yenye hemu haizidi asilimia 0.8 ya baga.

Njia hii sio ngeni mama. Insulini ya wagonjwa wa kisukari inatengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu tangu 1982, na jibini nyingi za Marekani zinagandishwa kwa kimeng'enya cha vijidudu vya namna hii tangu 1990.

Usalama: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilisema 2018 haina maswali zaidi kuhusu usalama wa protini hiyo, na 2019 ikaruhusu itumike kama rangi kwenye baga mbichi za dukani. Kuna wanaharakati waliopinga, wakasema panya walilishwa siku 28 tu, na hoja yao naiheshimu, mi mwenyewe ningependa majaribio marefu zaidi. Lakini kwa yanayojulikana mpaka sasa sioni sababu ya kuwanyima wanao, isipokuwa mwenye mzio wa soya, huyo asionje kabisa. Mimi kinachonisumbua ni kitu kingine ambacho watu hawaulizi: mafuta na chumvi. Baga moja ya gramu 113 ya lile toleo la 2019 ina gramu 8 za mafuta mazito na miligramu 370 za sodiamu, kwa iyo isiwe ya kila siku eti kwa sababu ni mimea.

Kuhusu halali, ilipata cheti cha IFANCA, taasisi ya halali ya Marekani, mwaka 2018. Ila cheti ni cha baga yenyewe, hakihusu chuma cha mgahawa kilichotoka kukaangiwa nguruwe, kwa iyo mkila nje uliza wanachomea wapi. Nyumbani kwako huna shida.

SWALI: Nalima soya Songea. Kama hiyo protini iko kwenye mizizi kwa nini wasinunue mizizi yetu? Sisi tunaiacha shambani.

JIBU: Kaka, walianza na mizizi kweli. Ila kilichomo ni kidogo mno ukilinganisha na kazi ya kuchimba, na ukiing'oa yote udongo unabaki wazi mvua inauchukua. Iache hukohuko ioze, ina naitrojeni, mahindi ya msimu ujao yatakuonyesha.

SWALI: Nikitia hamira ya maandazi kwenye nyama ya soya itanukia nyama?

JIBU: Haitanukia nyama, itanukia mkate, haijapandikizwa hiyo jeni. Loweka soya yako kwenye maji ya moto, ikamue mpaka maji yaishe kabisa, hapa ndio wengi wanaharibu, halafu ikaange peke yake mpaka kingo ziwe kahawia ndipo utie kitunguu, tangawizi, nyanya ya kopo na sosi ya soya kijiko kimoja.