Kaniki haiingii nyumba hii

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Vazi la asili la Mzanzibari ni lipi, na nani analiharibu?" Swali nimelisoma nikiwa na gauni la watu chini ya sindano, nikapotoa mshono, nikafumua, nikarudia. Mimi ni fundi cherahani hapa Chake Chake, miaka thelathini na kitu sasa. Nusu ya pili ya swali lenu siigusi. Waharibifu mnawajua: vijana, Dubai, watalii. Chagueni mmoja. Mimi limenikera neno "asili", nataka kusema juu ya anayelitia muhuri.

Maana kila nikilivuta uzi linafumuka. Buibui la kamba ambalo mama zetu wanalililia limeingia mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga tunayoiita ya mabibi ni ya miaka ya mwisho ya karne ya 19, ilianzia kwenye leso za kuungaunga. Kabla ya hapo, uvae nini iliamuliwa na jambo moja: unamiliki au unamilikiwa. Kofia na viatu ni vya waungwana, mtumwa hutembea kichwa wazi na miguu mitupu. Mwanamke mtumwa alikuwa na merikani, ile pamba nyeupe iliyoshushwa na meli za Salem, Marekani. Akiichovya kwenye nili ikaiva, ikawa haionyeshi uchafu wa shamba, ndiyo kaniki.

Sasa kisa. Najua kitakuwa kirefu, mtanisamehe.

Januari 1984, Mapinduzi yanatimiza miaka 20, nami niko darasa la sita. Skuli yetu ilitunga mchezo wa kuigiza: kwanza watu wanateswa shambani, kisha wanakombolewa, kisha tunaimba. Mwalimu alitupanga mstari, akapita anatutazama nyuso na nywele, hasemi kitu. Wewe bwana shamba. Wewe bibi yake. Wewe mtumwa, na wewe, na wewe. Hakuna aliyeuliza anatumia kipimo gani, maana tulikijua. Huo ni mchezo wa kusherehekea kwamba mambo hayo yamekwisha.

Mtoto wa mwenye duka akapewa joho na kilemba. Mimi nikapewa kaniki mpya, bado ina ugumu wa dukani. Nikaifunga kifuani juu ya sare nikaenda nayo nyumbani mbio, kwa furaha. Jua la saa nane, jasho, na kaniki mpya inachuja. Nilipofika nina ukanda wa buluu chini ya makwapa na vidole kama nimechezea wino.

Bibi alikuwa barazani anasuka ukili. Macho yake yalikuwa yamekwisha ingia ukungu, kwa hiyo hakuiona. Aliinusa. Mikono ikasimama.

"We mwana, umejifunga nini?"

"Nguo ya mchezo, bibi."

"Kakuvika nani?"

"Mwalimu."

"Na wenzio kawavika nini?"

Nikamtajia, joho la nani, kanga za nani. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Kwa nini hiyo kakupa wewe?" Nikasema sijui. Nilikuwa najua.

"Ivue. Hapo hapo uliposimama." Nikaivua. Akaipokea kwa ncha ya vidole viwili kama mtu anavyoshika mkia wa panya, akapapasa ukuta mpaka nje, akaitundika kwenye mpapai. "Kaniki haiingii nyumba hii," akasema. "Imeshatoka."

Hilo neno la mwisho nililipita tu, kama mtoto anavyopita maneno ya wazee.

Akaingia ndani, nikasikia kasha linafunguliwa, akarudi na doti ya kanga yake mwenyewe, inanuka udi. "Kesho vaa hii. Akikuuliza, mwambie bibi kasema sisi Washirazi." Yaani watu wanaojiita uzao wa Shirazi, Uajemi. Kesho yake nikaenda nimevaa kanga mbili za mtu mzima zinaniburura, na ile kaniki nimeikunja kwapani. Mwalimu akacheka. "Mtumwa havai kanga, bibi wee." Akanitoa. Kaniki akapewa rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, na aliigiza vizuri, alilia machozi ya kweli alipochapwa kwa kuti. Baadaye waigizaji wote walipewa soda na biskuti. Nisiwadanganye, mimi siku ile nililia kwa sababu ya soda.

Bibi alipofariki, mdogo wake ndiye aliyenieleza, tena kwa kunong'ona ingawa tulikuwa wawili tu jikoni. Mama yao alizaliwa kwenye shamba la watu. Amri ya kufuta utumwa ilitoka Aprili 1897, lakini ile amri haikumfungua mtu akiwa amelala kwake. Ilibidi uende mwenyewe mahakamani ukaombe, na ueleze utaishi wapi na utakula nini. Bwana wako analipwa fidia. Wewe unapewa karatasi. Mama yao alikwenda, akaipata karatasi, na pesa ya kwanza aliyochuma karafuu kwa hesabu yake mwenyewe akanunua kanga, wala si chakula. Ile kaniki aliyotoka nayo shamba aliiacha njiani.

Kwa hiyo ilikuwa imeshatoka kweli.

Na Ushirazi? Huo nao ni nguo, tena ya kuazima, na haikuwa yetu peke yetu. Sensa ya 1924 Unguja na Pemba ina maelfu kwa maelfu ya watu walioandikwa Waswahili. Njoo 1931, Waswahili wamebaki wachache mno, na hawakufa, walibadili jina. Neno lile lilikuwa limeanza kunuka utumwa kama kaniki mpya inavyonuka nili. Vita vya Pili vilipokuja na chakula kikagawiwa kwa kufuata kabila, mchele wa huyu na mahindi ya yule, mwenye akili hakukosa kujua aandikwe nani. Bibi alikuwa mama wa watoto wakati huo. Simlaumu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema hivi tu: vazi la watu huchaguliwa na mwenye nguvu, na bibi yangu alimgomea. Lakini nikimkumbuka vizuri, mambo hayakai sawa. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa pwani, anakwenda kutanda dagaa na kufukia makumbi, na kila siku amejifunga kaniki, imepauka mabegani, hana habari na mtu. Mtu mwema kupita kiasi, sisi watoto tulikula kwake. Bibi hakuwahi kunywa maji kwake, na alipokuja kwetu aliwekewa kibao nje. Kumbe bibi alimkataa bwana, lakini futi ya bwana ya kupimia watu alibaki nayo mfukoni. Na yule jirani, ambaye hakumgomea mtu, ndiye aliyevaa apendavyo.

Baada ya 1964 mapimo yaliendelea, mikono tu ndiyo ilibadilika. Bara walikuwa na Operesheni Vijana, 1969, kuwinda mini na mawigi. Na huku visiwani mini na suruali za miguu mipana zilimtia mtu mashakani. Tangu uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 mimi mwenyewe nina wateja wanaoniletea kitambaa kizuri na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, rangi hii haitasemwa?" Kijani cha nani, zambarau ya nani. Mwaka wa uchaguzi nauza sana maua madogo madogo yasiyo na upande.

Basi mkinibana nitaje vazi la asili, baada ya kuwaambia halipo, nitasema kaniki. Najua ninavyojipinga. Imevaliwa na wengi kuliko joho, na ndiyo waliyovaa waliochuma karafuu zilizojenga zile nyumba zenye milango ya kupigiwa picha. Ila isiwe ya maonyesho, na asivishwe mtu mwingine. Aivae anayetaka, akijua. Na kama nyanya yake aliiacha njiani, aulizwe kwanza yeye, jambo ambalo haliwezekani, kwa hiyo sijui hukumu yangu hii mtaifanyia nini.

Sababu ya kunichoma swali lenu ni kwamba limenikuta na kazi. Hoteli moja ya pwani ya Unguja imeniletea oda: kanzu na kofia kwa wahudumu wanaume, na kwa wanawake watakaobeba sinia, magauni 14 ya kaniki yenye pindo la kanga. "Wageni wanapenda asili," akasema aliyeleta jora. Pesa ni nzuri na ada za skuli zinadai. Nimeshamaliza magauni tisa. Cherahani nimeitoa nje barazani wiki nzima hii, jua likinifuata nahama nayo kwenye kivuli, na jora lenyewe usiku nalifunika turubai huko huko nje. Binti yangu ameniuliza kwa nini nisishone ndani, kwenye feni.