Mustang ya Babu

Swali: Fundi, shikamoo. Babu ameniachia Ford Mustang ya 1966 hapa Malindi. Breki zimekufa. Spea zinapatikana kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Zinapatikana, bado zinatengenezwa Marekani. Ila kabla ya kuagiza, hesabu nati za gurudumu: nne ni injini ya silinda 6, tano ni V8 (injini ya silinda 8), na breki zao si sawa. Mimi niliwahi kuagiza ngoma za breki kwa kukisia. Nikalipa ushuru Mombasa, zikakataa kuingia. Iliniuma sana.

Masta silinda ya 1966, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ina njia moja tu. Paipu ikitoboka, breki zote zimekwenda! Nakusihi ufunge ya njia mbili, kama Ford walivyofanya kuanzia 1967. Paipu nazo badilisha zote, chumvi ya bahari yetu inazila. Na tafuta spana za inchi, maana nati za gari hili hazipimwi kwa milimita.