Krauni zinazorudi maabara: anza na chapa

Daktari, umesema krauni zako nyingi, yaani kofia za kufunika meno yaliyochongwa, zinarudi maabara, fundi anakulaumu wewe na wewe unamlaumu yeye. Mimi ni fundi wa maabara ya meno, kwa hiyo nisome ukijua naegemea wapi.

Kinachotutesa zaidi ni ukingo usioonekana. Chapa ya meno ya mgonjwa inafika, naiweka chini ya lenzi, na pale pale jino lililochongwa linapokutana na fizi nakuta kiputo cha hewa, au damu imeacha mfereji. Hapo nabaki kukisia, na krauni ya kukisia haikai. Sukuma fizi kwa uzi, subiri damu ikate, kisha kagua chapa kwa lenzi mgonjwa akiwa bado kitini. Kuirudia saa hiyo ni dakika chache. Baadaye ni miadi nyingine na sindano nyingine ya ganzi.

Nafasi nayo: krauni ya zirkonia (kauri ngumu) ya jino la nyuma inataka kama milimita 1 hadi 1.5 juu ya jino, upande wa kutafunia. Nikipiga simu kusema haitoshi, usinijibu "fanya tu hivyo hivyo".

Rangi ichague kabla ya kuchonga, maana jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Nitumie picha, kipande cha rangi kikiwa kando ya jino. Namba ya rangi kama "A2" peke yake kwa jino la mbele ni bahati nasibu.

Na ukirudisha krauni, andika imekaza upande gani au inagusa wapi kwanza mgonjwa akiuma. "Haikai" hainisaidii kitu.